Kurekebisha mihuri ya muda inayofurika: kuanzia keneli hadi diski

Mwaka 2024 wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, waliambiwa waingize tarakimu za ziada kwenye mita zao, la sivyo mita ingekataa umeme mpya. Tokeni za mita za mfumo wa STS, kiwango cha kimataifa cha tokeni za umeme, hubeba muda kama hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na hesabu hiyo imepewa biti 24 tu. Biti 24 zina nafasi 16,777,216. Dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Zile tarakimu za ziada zilibadilisha ufunguo wa mita na kusogeza mwanzo wa hesabu mbele.

Kwenye Linux ya biti 32 tatizo ni lilelile, ila huko hakuna mtu wa kukutumia tarakimu kwa simu. Mwongozo huu ni wa anayeshika msimbo wenyewe: mwenye draiva yake, keneli (kiini cha mfumo endeshi) aliyoikompaili mwenyewe, au programu ya C inayokaa kwenye bodi ndogo ya ARM ndani ya boksi la plastiki, iwe inarekodi joto la chumba baridi cha sangara, inafuatilia mtumbwi kwa GPS au inasoma kina cha ziwa. Vifaa vya namna hii huwekwa na kusahauliwa miaka kumi na tano. Kompyuta ya mezani ya biti 64 itakuwa imeshatupwa. Lile boksi litakuwa bado linawaka.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: muda husafiri. Huzaliwa kwenye saa ya bodi, ukapita keneli, maktaba ya C, miundo ya programu yako, diski na mtandao, kisha ukafika kwenye hifadhidata ya ofisini. Ukipanua namba mahali pamoja na kuacha pengine pembamba, hujarekebisha kitu. Umehamisha tu mahali pa kukatikia. Kwa hiyo kazi nzima ni kuufuata muda hatua kwa hatua na kupima upana wa kila mlango unaopita.

Tarehe za kuwa nazo kichwani

`time_t` ni namba ambayo C huhifadhia muda, yaani sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Ya biti 32 yenye alama (inayoweza kuwa hasi) huishia 2,147,483,647. Hiyo ni Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC. Kwa Mwanza ni saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata namba inageuka hasi, na tarehe inakuwa 13 Desemba 1901 saa 20:45:52 UTC. Ukiitazama kwa saa za hapa, dakika hazitalingana na UTC jumlisha tatu, kwa sababu majedwali ya kanda za saa hutumia saa ya jua ya mahali kwa miaka hiyo. Unapochunguza tatizo hili tumia `date -u` muda wote, utajiepusha na kichwa kuuma bure.

Namba hiyohiyo ikisomwa bila alama hufika tarehe 7 Februari 2106. NTP, itifaki ya kusawazisha saa kwa mtandao, ina mwaka wake: inahesabu sekunde kutoka 1900 kwa biti 32 bila alama, nayo inazunguka tarehe 7 Februari 2036, karibu miaka miwili kabla ya kile kinachozungumzwa na wengi. GPS ya kizamani huhesabu wiki kwa biti 10, yaani wiki 1,024, takriban miaka 19.6. Imeshazunguka Agosti 1999 na Aprili 2019, na itazunguka tena Novemba 2038.

Wala usiseme 2038 iko mbali. Msimbo hufurika pale unapofanya hesabu ya siku zijazo. Seva ya wavuti ya AOLserver ilianza kuanguka Mei 2006 kwa sababu mipangilio yake ilijumlisha sekunde bilioni moja kwenye muda wa sasa, na jumla ikavuka mpaka. Mkopo wa miaka 15 unaoandikwa leo, au cheti cha usalama cha miaka 20 kilichomo ndani ya kifaa, tayari kiko upande wa pili.

Kwanza tambua ni ugonjwa gani

Kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni muda wa kalenda: namba inasema ni tarehe ngapi. Tiba yake ni kupanua namba. La pili ni kaunta ya muda uliopita tangu kifaa kiwashwe: `jiffies` (mapigo ya keneli ya Linux), `millis()` (milisekunde za Arduino) na jamaa zake. Tiba yake ni kutoa vizuri, na mara nyingi huna haja ya kupanua chochote. Ukitibu la pili kwa dawa ya la kwanza unaongeza msimbo bila faida, hasa kwenye kidhibiti cha biti 8.

Dalili hutofautisha. Hitilafu inayokuja kila baada ya siku 49.7 ni kaunta ya milisekunde ya biti 32 isiyo na alama. Dakika 71.6 ni mikrosekunde. Siku 497 ni mapigo 100 kwa sekunde, na siku 248 ni hayohayo yakisomwa kwa alama. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwa sababu vidhibiti vya jenereta vingeweza kuzima vyote kwa pamoja. Tarehe ya kalenda haikuhusika hata kidogo.

Huku kwetu ugonjwa wa kaunta hujificha kwa sababu moja ya ajabu kidogo: umeme hukatika. Kila ukikatika, kaunta huanza sifuri, kwa hiyo haifiki siku 49. Kisha mwenye chumba baridi ananunua sola na betri nzuri, kifaa kinakaa miezi miwili bila kuzimika, na kengele ya joto inaanza kulia ovyo au inanyamaza kabisa. Fundi anakuja, anazima na kuwasha, inapona, anaondoka. Lawama zinakwenda kwa betri mpya. Ukisikia habari ya aina hiyo, uliza kifaa kimewashwa tangu lini kabla hujafungua boksi.

Kutafuta palipo pembamba

Anza na utafutaji wa maandishi tu. Si wa akili, lakini unaleta sehemu kubwa ya waliofichwa:

```
grep -rnE '\b(int|long|u32|s32|u?int32_t|__[us]32)\b[^;]*(time|sec|stamp|expir|muda)' src/
grep -rnE '\b(time_t|struct timeval|struct timespec)\b' src/
grep -rnE '0x7fffffff|INT_MAX|LONG_MAX|2147483647' src/
```

Mstari wa tatu watu huusahau, na ndio unaouma baadaye. Kuna msimbo mwingi unaotumia 0x7fffffff kumaanisha "milele" na 0 au -1 kumaanisha "bado". Ukishapanua namba kuwa biti 64, ile "milele" inabaki kuwa tarehe 19 Januari 2038 kamili. Ikifika Februari, kila kilichowekwa kudumu milele kinahesabiwa kuwa kimekwisha. Badilisha alama hizo ziwe bendera inayojitegemea, au angalau thamani ya juu ya biti 64.

Baada ya hapo mwachie kompaila. Clang ina `-Wshorten-64-to-32`, inayolalamika kila namba ya biti 64 inapobanwa kuingia kwenye 32. GCC ina `-Wconversion`, ambayo hupiga kelele kwa mengi yasiyohusika, kwa hiyo chuja kwa faili moja moja. Kumbuka pia kwamba `int t = time(NULL);` ni kosa hata kwenye mashine ya biti 64, wakati `long t = time(NULL);` ni salama kwenye mashine hiyo na ni kosa kwenye ARM ya biti 32. Ndiyo maana msimbo uliojaribiwa kwenye laptop pekee hauthibitishi lolote.

Ndani ya keneli

Linux ilikamilisha sehemu kubwa ya kazi yake kwa hatua. Wito wa mfumo (ombi la programu kwa keneli) wenye muda wa biti 64 kwa mashine za biti 32, kama `clock_gettime64` wenye namba 403 na ndugu zake, uliingia toleo 5.1 mwaka 2019, toleo 5.6 la mwaka 2020 ndilo la kwanza linaloweza kuendesha mfumo mzima wa biti 32 kuvuka 2038. Kama bodi yako iko kwenye 4.x, usipoteze wiki kuibandika viraka: hamia toleo jipya kwanza.

Kazi inayobaki ni draiva zako zilizo nje ya mti mkuu. Nyingi zitagoma kukompaili kwenye keneli mpya, na hiyo ni neema, kwa sababu majina ya zamani yameondolewa makusudi. Mabadiliko ni haya:

```
time_t                   ->  time64_t
struct timespec          ->  struct timespec64
do_gettimeofday()        ->  ktime_get_real_ts64()
getnstimeofday()         ->  ktime_get_real_ts64()
get_seconds()            ->  ktime_get_real_seconds()
current_kernel_time()    ->  ktime_get_coarse_real_ts64()
```

Usibadilishe kwa kunakili na kubandika. Kila mstari jiulize: huyu alitaka tarehe au alitaka kujua muda uliopita? Draiva nyingi za zamani zilipima muda uliopita kwa saa ya kalenda, na NTP ikisogeza saa, kipimo kinaruka au kinarudi nyuma. Hao wapelekwe kwenye `ktime_get()`, au `ktime_get_boottime()` kama unataka muda uliopotea bodi ikiwa usingizini uhesabiwe pia. `ktime_t` ni nanosekunde ndani ya biti 64 zenye alama. Inafika mwaka 2262.

Mitego mitatu inakungoja hapa.

Wa kwanza ni kugawanya. Kwenye ARM ya biti 32 ukiandika `/` kati ya namba mbili za biti 64 ndani ya keneli, kuunganisha kunakwama kwa kulalamikia `__aeabi_ldivmod` au `__aeabi_uldivmod`. Keneli haina kigawanyi hicho kwa makusudi, kwa kuwa ni ghali. Tumia `div_s64()`, `div_u64()`, au moja kwa moja `ktime_to_ms()` na `ktime_to_us()`.

Wa pili ni kuzidisha. `sekunde * 1000000000` ambapo `sekunde` ni `int` hufanyika kwa biti 32 kwanza, ndipo jibu lipanuliwe. Nanosekunde za biti 32 zenye alama hazifiki hata sekunde 2.2. Msimbo unafanya kazi kwa kusubiri sekunde moja na mbili, ukiweka tatu unapata takataka. Weka upanuzi kabla ya kuzidisha: `(s64)sekunde * NSEC_PER_SEC`.

Wa tatu hauonekani kwenye majaribio ya mezani. Bodi ya biti 32 husoma namba ya biti 64 kwa vipande viwili. Kama kikatizi (msimbo unaoitwa ghafla na kifaa) kinaandika `time64_t` wakati uzi mwingine unaisoma, msomaji anaweza kupata nusu mpya na nusu ya zamani. Zamani `u32` ilisomeka kwa pigo moja na hakuna aliyehitaji kufuli. Ukipanua uwanja unaoshirikiwa, ongeza na ulinzi wake: `seqlock`, `spinlock`, au `atomic64_t`.

Kisha kuna muundo unaovuka kutoka keneli kwenda kwenye programu kwa `ioctl`, wito wa kutuma amri kwa draiva. Huu usiupanue palepale. Namba ya amri iliyotengenezwa kwa `_IOR` imebeba ukubwa wa muundo ndani yake, kwa hiyo ukiongeza baiti nne namba inabadilika na programu ya zamani inapata `ENOTTY`, yaani amri haijulikani. Acha wa zamani, ongeza wa pili:

```
struct joto_kipimo {            /* ya zamani, ibaki */
        __s32 sekunde;
        __s32 joto_mC;
};

struct joto_kipimo64 {
        __s64 sekunde;
        __s32 joto_mC;
        __u32 akiba; /* iwe 0 daima */
};

#define JOTO_SOMA     _IOR('J', 1, struct joto_kipimo)
#define JOTO_SOMA64   _IOR('J', 2, struct joto_kipimo64)
```

Ule uwanja wa `akiba` si urembo. i386 (PC za Intel za biti 32) hupanga namba ya biti 64 kwenye mipaka ya baiti 4, ARM kwenye baiti 8. Bila akiba muundo mmoja ungekuwa na baiti 12 huku na 16 kule. Jaza nafasi kwa mkono, na uisafishe iwe sifuri kabla ya kuituma, usije ukavujisha kumbukumbu ya keneli.

Kaunta: toa, usilinganishe

Kosa huandikwa hivi: `if (jiffies > mwisho)`. Sahihi ni `if (time_after(jiffies, mwisho))`. Ndani yake ni kutoa kisha kutazama alama ya jibu, `(long)(mwisho - jiffies) < 0`, na huo hubaki sahihi hata kaunta ikizunguka, mradi tofauti isizidi nusu ya uwezo. Kwa HZ (mapigo kwa sekunde) ya 100 nusu hiyo ni siku 248. Kwa 250 ni siku 99. Kwa 1000 ni siku 24 tu. Ukihitaji kusubiri zaidi ya hapo, tumia `get_jiffies_64()` na `time_after64()`.

Linux inasaidia kwa ujanja mmoja mzuri: `jiffies` haianzi sifuri, inaanza dakika tano kabla ya kuzunguka. Draiva yenye kosa hili inaharibika dakika ya tano baada ya kuwasha. Usikimbilie kuondoka mezani kabla ya dakika kumi.

Kwenye kidhibiti kidogo cha Arduino kanuni ni ileile:

```
if (millis() - mwanzo >= KIPINDI)      /* sahihi */
if (millis() >= mwanzo + KIPINDI)      /* itakwama siku ya 49 */
```

`mwanzo` iwe `uint32_t`, kamwe isiwe `int`. Na kwa kaunta za biti 16 kwenye bodi ya biti 32, C hupanua pande zote kuwa `int` kabla ya kutoa, kwa hiyo jibu linakuwa hasi badala ya kuzunguka. Lirudishe kwa nguvu: `(uint16_t)(sasa - mwanzo)`.

Maktaba na programu

Kwa glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, unahitaji 2.34 au zaidi, na bendera mbili kwa pamoja:

```
-D_FILE_OFFSET_BITS=64 -D_TIME_BITS=64
```

Ya pili bila ya kwanza inakataliwa. Weka na mlinzi kwenye faili moja ya kichwa inayotumika kila mahali:

```
_Static_assert(sizeof(time_t) == 8, "time_t ni nyembamba");
```

musl, maktaba ndogo ya C, toka 1.2.0 hutumia biti 64 bila kuombwa. Debian 13 imehamisha armhf (ARM ya biti 32) yote. I386 imeachwa makusudi na 32 ili programu kongwe ziendelee kufanya kazi, kwa hiyo usiichague kwa kifaa kipya.

Hatari kubwa hapa ni kuchanganya. Maktaba iliyokompailiwa na `time_t` ya baiti 4 ikiitwa na programu ya baiti 8, na kuna muundo wenye `time_t` katikati, kila uwanja unaofuata unasogea. Hakuna onyo la kompaila. Unaona tu joto la samaki likisomeka milioni kadhaa. Kompaili upya mlolongo mzima. Kukagua kilichotokea kwenye faili iliyokwisha jengwa:

```
nm -D ./kirekodi | grep -E 'time|stat'
```

Majina kama `__clock_gettime64`, `__time64` na `__stat64_time64` ni dalili njema. Ukiona `clock_gettime` kavu kwenye armhf ya glibc, kipande hicho kilijengwa bila bendera.

Kuchapa na kusoma nako kuna lake. `printf("%ld", t)` kwenye bodi ya biti 32 itachukua nusu ya namba na kuvuruga hoja zinazofuata. Andika `printf("%lld", (long long)t)`. Kwa kusoma, `atoi` na `strtol` hubana, tumia `strtoll`.

Kama programu inaishi ndani ya kontena, angalia kichujio cha seccomp, kinachoamua wito upi wa mfumo uruhusiwe. Alpine 3.13 ilipohamia musl mpya, bodi nyingi za Raspberry Pi zenye Debian 10 ya biti 32 zilianza kuonyesha tarehe za ovyo na kushindwa kupakua vifurushi. Wito wa 403 haukuwa kwenye orodha ya ruhusa, na kichujio kilijibu `EPERM` (huruhusiwi). Kingejibu `ENOSYS` (wito haupo), maktaba ingerudi kwenye wito wa zamani. Kwa `EPERM` inakata tamaa. Tiba ni libseccomp 2.4.2 na Docker 19.03.9 au zaidi kwenye mashine mwenyeji. Kuzima seccomp kabisa, kama wengi walivyofanya, ni kuvunja mlango kwa sababu ufunguo ni mgumu.

Diski, ambako makosa hukaa miaka

ext4 yenye inodi (rekodi za taarifa za kila faili) za baiti 128 haiwezi kuandika zaidi ya 2038. Inodi za baiti 256 huongeza biti mbili na kufika 2446. Kagua:

```
tune2fs -l /dev/mmcblk0p2 | grep 'Inode size'
dmesg | grep 'supports timestamps until'
```

Kadi ndogo ndizo za kutiliwa shaka, kwa sababu e2fsprogs za kabla ya 1.46.4 ziliwapa baiti 128 mifumo ya faili iliyo chini ya megabaiti 512, na sehemu ya kurekodia kwenye bodi nyingi huwa ndogo hivyo. `tune2fs -I 256` ipo lakini hukataa penye `flex_bg`. Njia isiyo na maumivu ni kunakili data, `mkfs.ext4 -I 256`, kisha kurudisha. XFS ina `bigtime` tangu Linux 5.10, hadi 2486: ikiwa haijapachikwa, `xfs_admin -O bigtime=1 /dev/sda3`.

Mfumo wa faili mwembamba hauanguki. Keneli kuanzia 5.4 hugotesha muda kwenye kikomo, kwa hiyo baada ya mpaka faili zote zitakuwa na muhuri mmoja: 03:14:07. Programu inayochagua "faili jipya zaidi" itachagua lolote.

Faili zako za binari zenyewe ndizo kazi nyingi. Kama uwanja una biti 32 na hauna tarehe ya kabla ya 1970, njia ya bei rahisi ni kuusoma bila alama: `(int64_t)(uint32_t)soma`. Data ya zamani inabaki ilivyo na unapata hadi 2106. Kwa rekodi za joto na kina cha maji hiyo inatosha kabisa. Kwa tarehe za kuzaliwa haifai. Huko weka toleo jipya la faili lenye namba ya toleo kichwani.

Kwenye MySQL safu ya aina ya `TIMESTAMP` bado inaishia 2038 hata seva ikiwa ya biti 64. Badilisha iwe `DATETIME` yenye UTC, au `BIGINT`. Na logi za kuingia za `utmp` na `wtmp` zina uwanja wa biti 32 hata kwenye x86-64. Mrithi wa `wtmp` ni `wtmpdb`, na wa `lastlog` ni `lastlog2`.

Kwa wenye GPS za mitumbwi: wiki ikizunguka, mahali panabaki sahihi na tarehe inarudi nyuma miaka 19.6. Mvuvi hatalalamika kwa kuwa nyavu anaziona palepale, lakini njia zake zitapangwa kinyume. Weka sakafu ya tarehe ya kujenga msimbo. Wiki zinahesabiwa kutoka 6 Januari 1980, na Januari 2025 inaanza ndani ya wiki ya 2347:

```
#define WIKI_YA_KUJENGA 2347
while (wiki < WIKI_YA_KUJENGA)
        wiki += 1024;
```

Hii inakupa miaka 19.6 kutoka siku ya kujenga. Fanya sakafu ijazwe na mfumo wa kujenga, isiandikwe kwa mkono na kusahauliwa.

Kujaribu

Usisogeze saa ya mashine inayofanya kazi. Vyeti vitaonekana vimekwisha, kroni (kipanga kazi za ratiba) itarusha kazi za miaka, na rekodi zenye tarehe za 2038 zitabaki kwenye hifadhidata ya mteja. Tumia QEMU (kiigizaji cha mashine) isiyo na mtandao, au bodi ya pembeni yenye kadi yake:

```
systemctl stop systemd-timesyncd
date -u -s @2147483617
./kirekodi &
sleep 60; date -u
touch /data/jaribio; sync
umount /data; mount /data
stat /data/jaribio
```

Kutenganisha na kupachika upya ni kwa makusudi, ili `stat` isome kilichofika diski badala ya kilicho kwenye kumbukumbu. Kisha washa upya bodi ikiwa tayari ng'ambo ya mpaka, kwa sababu kuvuka ukiwa macho na kuamka upande wa pili ni majaribio tofauti: saa ya betri ya bodi (RTC), fsck na systemd huguswa na la pili tu. La tatu ni kusoma rekodi za kabla ya mpaka kutoka upande wa pili, kuangalia kama mpangilio unabaki.

`faketime` ni nyepesi kwa programu moja, ila hutumia `LD_PRELOAD`: haigusi keneli wala programu zilizounganishwa tuli. Na kwa kunasa wanaotumia wito wa zamani kimyakimya, jenga keneli ya majaribio yenye `CONFIG_COMPAT_32BIT_TIME` ikiwa imezimwa. Kila aliyebaki nyuma atapata `ENOSYS` na kujitaja mwenyewe kwenye `strace`.

Wakati wa kupeleka mabadiliko, wasomaji watangulie waandishi. Seva ya ofisini ijifunze kusoma muundo mpya kwanza, ikae wiki kadhaa, ndipo bodi zianze kuuandika. Kwa bodi zilizo visiwani weka sehemu mbili za mfumo kwenye kadi na kipima muda cha kurudi kwenye ya zamani kama mpya haijapiga ripoti ndani ya dakika 15, na kipima hicho kitumie `CLOCK_MONOTONIC`. Kikitumia saa ya kalenda, NTP ikirekebisha saa katikati bodi inaweza kujirudisha bure, na wewe utakuwa umepanda kivuko cha Nansio kufuata hitilafu isiyokuwepo.